Rubani Anajibu: Kwenda Mbali na Kurudi na Data Yako

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kurusha meli za angani, na karibu zote zinauliza jambo moja: nitafikaje mbali? Hakuna swali ninalolipenda kama hili. Galaksi ya mchezo huu ina mifumo ya nyota takriban bilioni 400, imepangwa kwa ukubwa halisi wa Njia Nyeupe, na tangu mchezo ulipotoka Desemba 2014 wachezaji wote kwa pamoja hawajafikia hata asilimia 1 yake. Nimechagua barua tano.

SWALI: Dada Rubani, shikamoo. Nina meli ya Asp Explorer niliyoinunua kwa jasho la kubeba mizigo. Inaruka miaka nuru 31 hivi. Nataka kufika Sagittarius A*, lile shimo jeusi la katikati ya galaksi. Rafiki yangu ananiambia nisithubutu kabla ya kupata ile meli kubwa ya Anaconda. Ni kweli? – Rubani Mchanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usisubiri. Mimi mwenyewe narusha Asp mpaka leo na sina mpango wa kuiacha. Kioo chake kinakuonyesha mpaka chini ya miguu, na anayekwenda kutazama nyota anahitaji dirisha kwanza, ukubwa baadaye.

Kutoka kwenye Jua letu hadi Sagittarius A* ni karibu miaka nuru 26,000. Kwa uwezo ulio nao sasa hiyo ni miruko zaidi ya 800. Meli ikifikishwa 60, haitafika hata 450. Kwa hiyo kazi ya kurefusha mruko inalipa, na inaanzia kwenye uzito. Injini ya kuruka iwe daraja A. Vifaa vingine karibu vyote viwe daraja D, maana ndilo jepesi kuliko yote. Silaha toa, rafu za mizigo toa. Kisha nenda kwa Felicity Farseer katika mfumo wa Deciat, yule fundi wa mchezo anayeongeza uwezo wa injini hadi ngazi ya 5. Atataka uwe na cheo cha uvumbuzi na umpelekee metaaloi moja, aina ya metali ya mchezoni. Deciat kuna wachezaji wanaovizia wenzao, basi ingia ukiwa umechagua kucheza peke yako. Juu ya hapo, kile kifaa cha Guardian (jamii ya kale ya mchezoni) cha kuongeza mruko, cha ukubwa wa 5, kinakupa miaka nuru 10.5 zaidi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoachana na washauri wengi. Watu wakishaonja utamu wa kupunguza uzito hawajui pa kuishia. Wanatoa ngao, wanafunga kichota mafuta kidogo (kifaa kinachovuta mafuta kwenye nyota), wanaacha vifaa vya ukarabati, wanapata miaka nuru miwili mitatu ya ziada na kujisifu kwayo. Meli ya safari ndefu inajengwa kwa ajili ya kurudi. Weka ngao, hata ndogo. Weka vifaa viwili vya kujikarabati, kwa sababu kifaa kimoja hakiwezi kujitengeneza chenyewe, lakini viwili vinatengenezana. Weka gari la kushukia kwenye sayari, utalihitaji kuokota madini. Kichota mafuta kiwe kikubwa kuliko vyote vinavyoingia. Cha ukubwa wa 6 daraja A kina bei kuliko Asp yenyewe, nami nasema kinunue, au kaa ubebe mizigo mpaka uweze. Kwenye kila nyota utakayochota, kinakurudishia muda wako.

Ukifika, usitarajie kuona kitu kikitisha. Shimo lenyewe halionekani. Unachokiona ni mwanga wa nyota za nyuma yake ukipinda na kujikunja kadiri unavyosogea. Zunguka taratibu, itazame galaksi nzima ikipinda. Jirani yake, katika mfumo wa Stuemeae FG-Y d7561, kuna kituo kiitwacho Explorers' Anchorage, kilichotokana na msafara wa Distant Worlds 2 wa mwaka 2019 ulioandikisha wachezaji zaidi ya 10,000. Hapo utatengeneza meli na kuuza data uliyokusanya ya mifumo na sayari. Huendi porini kusiko na bandari.

SWALI: Rubani, niliishiwa mafuta katikati ya mahali nisipopajua. Nilizunguka nyota tatu na hakuna iliyonipa hata tone. Kichota changu kibovu? – Tangi Tupu

JIBU: Kichota kizima, nyota ndizo siyo. Zinazotoa mafuta ni za makundi O, B, A, F, G, K na M tu. Vibete vya kahawia, yaani L, T na Y, havitoi. Nyota za nyutroni, vibete vyeupe na nyota za Wolf-Rayet nazo hazitoi. Fungua ramani ya galaksi, chuja njia yako ibaki na yale makundi saba, na kila ukiona tangi limeshuka chini ya nusu, chota kabla ya kuruka tena.

Likikukuta tena, waite Fuel Rats. Ni wachezaji wa kujitolea, wamekuwa wakiokoa wenzao tangu 2015, wanakuja na droni zenye mafuta na hawadai chochote. Ila ukiona saa ya oksijeni imeanza kuhesabu, toka mara moja hadi kwenye menyu kuu, ndipo uombe msaada. Ukiwa nje ya mchezo saa hiyo haisogei.

SWALI: Dada, kila mtu anasifu njia ya nyota za nyutroni. Mimi nilipofika kwenye ya kwanza na kuona ile mikia inazunguka, nilikimbia. Naogopa kupoteza meli. Je, nizikwepe tu? – Mwoga wa Mikia

JIBU: Hofu yako ina sababu, lakini usizikwepe. Jifunze. Mkia wa nyota ya nyutroni, yaani ule mwale mrefu unaotoka kwake, unaichaji injini hadi mruko mmoja unakuwa mara nne ya kawaida. Meli ya miaka nuru 60 inavuka 240 kwa mara moja. Karibu na kitovu cha galaksi nyota hizi zimejaa, kiasi kwamba unaweza kutoka moja kwenda nyingine muda mrefu.

Anza kabla hujafika. Ukiwa bado ndani ya mruko, shusha mwendo hadi sifuri. Wengi wanaoumia huwa wanatokeza kwenye nyota mkono bado uko kwenye mwendo kasi. Ukishatokeza, usiguse kitu. Tazama mikia imelala upande gani, na kama meli imetokeza karibu nayo, geuza pua uondoke kwanza, halafu rudi kwa mpango wako.

Mkia uingie kama mtu anayevuka mto wenye mkondo: mbali na chanzo, kwa ubavu, na hujaufuata kinyume. Lenga sehemu ya mwisho ya mkia, pale unapofifia, pua ikielekea nje, nyota ikiwa nyuma yako. Mwendo uwe wa chini. Meli itatikisika na kugeuzwa. Usipigane nayo kwa nguvu, irudishe taratibu tu, kisha subiri taarifa kwamba injini imechajiwa. Ikitokea, ongeza mwendo utoke kwa kuendelea mbele. Kosa linaloua ni kusogelea nyota yenyewe, kwa sababu ukigusa mpaka wake meli inaanguka kwenye mwendo wa kawaida ikiwa bado ndani ya mkia, na hapo inachapwa mpaka ivunjike.

Kila chaji inakula kidogo afya ya injini. Mimi siiachi ishuke chini ya asilimia 80. Simama mbali na nyota, mwendo sifuri, ndipo uwashe kifaa cha ukarabati, maana kinachotengenezwa huzimika kwa muda. Na usisahau nililomwambia mwenzako hapo juu: nyutroni haikupi mafuta. Kila baada ya miruko michache ingiza nyota ya kuchota katika njia yako.

Vibete vyeupe navyo vina mikia, ila vinaongeza nusu tu ya mruko na mikia yao ni mifupi, inakulazimisha usogee karibu mno. Mimi navipita. Kama umekwama mahali nyota ni chache na unahitaji kusukumwa kidogo, kuna madini ya kuchanganya yanayoongeza mruko kwa asilimia 25, 50 au 100, na hapo ndipo lile gari la sayari linapojilipa.

SWALI: Nimeruka mpaka nimechoka. Mruko, nyota, kuchota, mruko. Nipo kama miaka nuru 9,000 kutoka nyumbani na nafikiria kujilipua tu nirudi kituoni. Nyinyi mnaona nini huko? – Aliyechoka

JIBU: Usijilipue, ndugu yangu. Kwanza zima mchezo ulale. Meli itakungoja hapo hapo.

Ukirudi, toka kwenye mstari. Nadhani ulimwambia mpanga njia akupeleke moja kwa moja, na mstari huo umepitwa na watu maelfu. Panda au shuka miaka nuru mia kadhaa kutoka usawa wa galaksi na utaanza kukuta mifumo isiyo na jina la mtu. Ukiivumbua na kuiuza data yake, jina lako linabaki pale kwa kila atakayekuja.

Halafu jifunze kusoma majina ya mifumo, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Chukua lile la Stuemeae FG-Y d7561. Herufi ndogo kabla ya namba inatoka a hadi h, na inaonyesha uzito wa vilivyomo. Kwenye a utakuta vibete vidogo vyekundu na vya kahawia. Kwenye h utakuta mashimo meusi na majitu. Mimi nikitafuta sayari zinazofanana na Dunia nafuata d, kwa sababu ndiko zinakopatikana zaidi. Toka siku utakapojua hilo, orodha ndefu ya majina kwenye ramani itaanza kusema nawe, na utakuwa ukichagua pa kwenda badala ya kupelekwa.

Ukiingia kwenye mfumo piga honi, yaani ile skani ya kwanza ya meli, kisha fungua skani ya masafa iliyokuja Desemba 2018. Ukiizoea, unatambua sayari ya maji au ya amonia kabla hata haijafunguka. Hizo, pamoja na zile za mfano wa Dunia, zifuate uzipige ramani kwa vichunguzi. Vichunguzi hivyo unavirusha kutoka kwenye meli, na havikuishii. Nyingine ziache ukitaka, hakuna anayekulazimisha kuskani kila jiwe.

Na kama una Odyssey, ile nyongeza ya mchezo iliyotoka Mei 2021, shuka chini. Kwenye sayari zenye hewa nyepesi kuna viumbe. Stratum Tectonicas mmoja analipa zaidi ya krediti milioni 19, na ukiwa wa kwanza kumwandikisha unalipwa mara tano ya hapo. Unahitaji sampuli tatu, kila moja mita 500 mbali na nyingine, kwa hiyo unatembea, unaruka na gari, unatazama jua geni likizama nyuma ya milima ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mimi muziki wa mchezo nauzima kabisa nikiwa huko, nasikiliza injini na nyota. Kwangu hapo ndipo mchezo ulipo. Miruko ni barabara tu.

SWALI: Rubani, nimelia. Wiki nyingi za safari, nikatua kwenye sayari nzuri, meli ikadondoka kama jiwe na kulipuka. Data yote imekwenda. Nitajikinga vipi nikianza upya? – Mikono Mitupu

JIBU: Pole sana. Data ambayo hujaiuza inakufa na meli, na hakuna bima inayoirudisha. Nakuelewa ulivyolia, na nafurahi kwamba unasema "nikianza upya".

Kilichokupata ni mvutano. Kabla ya kushuka popote, fungua ramani ya mfumo usome kiwango cha g. Ikiwa 1 ni kama Dunia. Ikizidi 2, shuka kwa adabu: pua iwe sawa na upeo, nguvu nyingi uelekeze kwenye ngao, na uteremke kwa injini za chini peke yake, kidogo kidogo, huku ukiangalia kasi ya kushuka kuliko unavyoangalia mandhari. Usielekeze pua ardhini ukidhani utainyanyua baadaye. Kwenye mvutano mkubwa meli nzito hainyanyuki kwa wakati.

La pili ni kuuza njiani. Explorers' Anchorage nimeshaitaja. Ukiwa upande wa Colonia, eneo la makazi ya mbali, miaka nuru 22,000 kutoka nyumbani, kuna vituo vingi. Kuna pia meli-mama za wachezaji, zilizoanza Juni 2020, na nyingi hukaa mbali kabisa. Kwa data ya ramani zinalipa pungufu ya kituo, na mimi huuza humo bila kusita nikiwa nimebeba kazi ya muda mrefu.

Mwisho ni siku ya kurudi, ambayo watu huilegeza kwa sababu ya furaha. Maharamia huwafuata wanaorudi. Ukibakiza miruko kama kumi kufika makazi, toka na uingie tena kwa kucheza peke yako. Chagua kituo kisicho na umaarufu, chenye pedi inayoitosha meli yako. Omba ruhusa ya kutua, pita mlangoni polepole, tua, kisha nenda Universal Cartographics, wanaonunua data ya ramani, kabla ya kutengeneza chochote, na sampuli za viumbe uzipeleke Vista Genomics, wanaozinunua. Ukishauza zote, ndipo uende kwa fundi akafute vumbi.