Jibu: Muswada kuingia bungeni Minnesota siyo sheria, USILIPE hiyo amana

Usilipe. Kama umeshalipa, acha kusoma hapa, mpigie dalali wako sasa hivi umuulize hiyo hela inarudi au hairudi, halafu ndiyo uje umalizie huu uzi.

Nimesoma bandiko lako nikiwa mapumziko kazini na chai imenipoa mkononi. Kwa watakaopita hapa bila kusoma kule juu: mleta mada yupo Brooklyn Park, huku Minnesota, ametumiwa kwenye kundi la WhatsApp picha ya muswada wa bunge la Minnesota wa kuwasaidia wanaonunua nyumba mara ya kwanza wapate malipo ya awali. Una namba ya HF, una majina ya wabunge, unaonekana wa serikali kweli kweli. Dalali kamwambia atoe dola 3,000 ashikilie nyumba maana "hela ya serikali inakuja". Halafu kauliza maswali mengine matatu. Nitayafikia.

Mkuu, hiyo HF inakutisha bure. HF ni faili la Baraza la Wawakilishi, SF ni faili la Seneti. Ni namba ya faili tu. Hata wewe hospitali una faili lenye namba na bado unaumwa.

Tatizo letu sisi tumelelewa na Dodoma. Kule muswada unaletwa na serikali, wakati mwingine kwa hati ya dharura, spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unanguruma "ndiyooo", waliosema ndiyo wameshinda, habari imeisha. Kwa hiyo Mtanzania akisikia muswada umetinga bungeni, kichwani mwake umeshapita, bado kutangazwa tu. Huku ni kitu kingine kabisa. Huku wabunge wako 134 na maseneta 67, na kila mmoja wao anaweza kuamka asubuhi akapeleka muswada wake. Bunge la 2023 na 2024 faili za Baraza peke yake zilivuka elfu tano. Nyingi husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kamati, na hapo kamati ndipo makaburini. Mwenyekiti wa kamati asipoupangia siku ya kusikilizwa umekufa, na hakuna anayepiga simu ya tanzia.

Najuaje? Najua kwa sababu nilinunua gari.

2019. Mambo ya makaratasi yangu wakati ule tuyaache, wenye kuelewa wameelewa. Minnesota tangu 2003 ukitaka leseni ya udereva lazima uoneshe uko nchini kihalali, kwa hiyo mimi na wenzangu wengi tulikuwa watu wa basi. Kazi yangu ilikuwa ghala moja upande wa Shakopee, zamu ya usiku. Basi mbili na mguu, au unamlipa mtu akupeleke. Januari tulikuwa tunasubiri basi kwenye baridi ambayo ukipenga kamasi inaganda kabla haijafika chini.

Mwaka huo mbunge Carlos Mariani alikuwa na muswada wa kuruhusu kila mkazi apate leseni bila kuulizwa uhamiaji. HF 1500, hiyo namba naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Aprili Baraza la Wawakilishi likaupitisha. Kwenye kundi letu mzee mmoja, simtaji, anajijua, yule ambaye kila jambo la Marekani yeye ndiye mwenye taarifa, akaandika kwa herufi kubwa: IMEPITA!!! Na vikatuni sita vinacheza. Watu wakaanza kumshukuru Mungu. Kuna mama alituma sauti ya vigelegele.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza imepita wapi. Maana ilipita nusu. Ilikuwa bado Seneti, na Seneti ilikuwa mikononi mwa Republican wakati Baraza ni la Democrat, ambao huku wanaitwa DFL. Mwaka ule Minnesota ndiyo lilikuwa jimbo pekee Marekani nzima ambalo nyumba zake mbili za bunge zilishikwa na vyama tofauti. Yaani katika majimbo yote mimi nilikuwa nimekaa kwenye lile lenye mlango mmoja wazi na mwingine umepigwa komeo, na nikaenda kununua gari.

Toyota Sienna, dola 5,200, hela ya upatu niliyopokea mwezi uleule. Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana: nabeba wenzangu sita kwenda Shakopee, kila mmoja dola nane kwa siku, ndani ya miezi minne gari imejilipa. Nilimwonesha mke wangu kwenye daftari. Akaniuliza swali moja tu: "Leseni inatoka lini?" Nikamwambia wewe mama unapenda kurudisha watu nyuma.

Muuzaji aliniletea gari mpaka mlangoni kwa sababu mimi nisingeweza kuiendesha. Hapo tu mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikampa maji ya kunywa.

Halafu akaja "mshauri". Jamaa mmoja wa kujaza fomu za watu, ana meza, ana printa, ana tai. Akasema mlango ukifunguliwa foleni itakuwa kubwa, nimpe dola 250 aniingize kwenye orodha ya mwanzo. Orodha ya nani? Ya ofisi gani? Sikuuliza. Nikampa, akanipa risiti yenye mhuri. Mhuri wa nini, mpaka leo sijui, lakini ulikuwa wa bluu na mimi mtu wa Tanga mhuri wa bluu nauheshimu. Huyu mtu nilimtafuta baadaye nikaambiwa kahamia jimbo lingine. Popote alipo, tai imkabe.

Mei bunge likafunga. Seneti haikuupitisha. Yule mzee wa IMEPITA hakuandika IMEKWAMA. Alituma picha ya maua, "Asubuhi njema wapendwa". Mimi nilikuja kujua Juni, kwa Mkenya mmoja kazini, tena akicheka.

Sasa gari ipo, leseni haipo. Nikajipa moyo, maana huku muswada wa mwaka wa kwanza unaweza kuendelea mwaka wa pili, bunge lao linahesabiwa kwa miaka miwili miwili. Nikasema nivumilie mpaka 2020. Bima nilipata kampuni moja inayokubali mtu asiye na leseni, kwa bei ya kukomoa, dola 142 kwa mwezi. Mke wangu alitandika kanga kiti cha nyuma kisichafuke, ile ya "Subira yavuta heri". Usiku mwingine nikirudi kazini kwa basi nilikuwa naingia ndani ya gari yangu mwenyewe, nawasha injini betri isife, nakaa dakika ishirini nasikiliza taarabu kwenye simu. Pumzi yangu inaganda kwenye kioo kwa ndani. Nakwangua na kadi ya basi. Kadi ya basi, ndani ya gari yangu! Halafu nazima, nafunga, naenda kulala.

Theluji ikizidi mji unatangaza dharura, leo usipaki upande huu wa barabara, kesho usipaki ule. Kuisogeza nilimtegemea yuleyule Mkenya mwenye leseni. Siku moja wote wawili tukawa zamu. Narudi asubuhi nakuta pale palipokuwa na Sienna pana mstatili mweupe uliokwanguliwa vizuri. Subira yavuta heri. Heri sikuiona, ilivutwa gari. Yadi hawakuitoa mpaka mtu aoneshe leseni na bima, nikamlipia Mkenya nauli, nikalipa 388, na betri mpya 160 maana ilikuwa imekufa hukohuko.

2020 ikaja na korona, muswada ukafia kwenye kabati pamoja na bunge lake. Juni nikauza gari kwa 2,900. Piga hesabu: kwenye gari nimepoteza 2,300, bima miezi kumi na mitatu 1,846, yadi 388, betri 160, mshauri mwenye tai 250. Jumla 4,944. Na sikuwahi kuiendesha hata kufika dukani. Nadhani mimi ndiye mwenye gari pekee Minnesota ambaye gari lake limetembea kwa kuvutwa kuliko kwa kuendeshwa.

Kwa hiyo mkuu, nikiona mtu anaandika "muswada umeshaingia bungeni" na kwenye sentensi inayofuata anataja hela yake, mwili unanisisimka.

Swali la kuuliza ni lile la mke wangu: inaanza lini? Usiulize imefika wapi, usiulize imepita au haijapita, watu watakudanganya bila hata kujua wanakudanganya. Uliza tarehe ya kuanza kutumika. Asiye na tarehe hana sheria. Muswada upite kamati, upite Baraza, upite Seneti kwa maneno yaleyale (yakitofautiana wanakaa tena kamati ya pamoja kuyalinganisha), gavana asaini, maana anaweza pia kuukataa kwa kura ya turufu, na baada ya yote hayo bado ipo tarehe. Huku sheria isipotaja tarehe yake kwa kawaida inaanza Agosti 1, na ya kugawa fedha Julai 1.

Mfano ni leseni hizohizo. Novemba 2022 DFL wakachukua na Seneti, 34 kwa 33. Muswada ukarudi kwa namba mpya, HF 4, wa mbunge Aisha Gomez, na upande wa Seneti akaubeba Zaynab Mohamed, binti mzaliwa wa Somalia. Gavana Walz akasaini Machi 7, 2023. Kundi likalipuka, IMEPITA!!! Safari hii kweli ilipita. Wiki ileile watu wakakimbilia ofisi za leseni wakarudi mikono mitupu, kwa sababu tarehe ya kuanza ilikuwa Oktoba 1. Mimi nilikaa nyumbani nakunywa uji. Oktoba nikaenda, mtihani wa barabarani nikafeli mara ya kwanza (kona ya kurudi nyuma, msinicheke), mara ya pili nikapata.

Na ukidhani kinachopita ni kilekile kilichopendekezwa, kumbuka hela za Walz. Januari 2023 jimbo lilikuwa na ziada ya dola bilioni 17.6, gavana akapendekeza kuwarudishia watu dola 1,000 kwa mtu mmoja na 2,000 kwa wanandoa. Kuna jamaa alikopa televisheni kwa hesabu hiyo. Bunge lilipomaliza kukata na kuchonga ikatoka 260 kwa mtu, 520 kwa wanandoa, na mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani ikasema hizo nazo zinakatwa kodi. Televisheni bado analipa.

Sasa wa kwako. Ingia tovuti ya bunge la Minnesota, andika namba ya HF, tazama mstari wa mwisho kwenye mwenendo wake. Ukikuta umesomwa mara ya kwanza na kupelekwa kamati, basi, ni barua ya maombi hiyo. Angalia na mwenzake wa SF kama yupo, maana asipokuwepo Seneti hata hawajaanza kuota. Na kumbuka uchaguzi wa Novemba 2024 ulileta Baraza 67 kwa 67, na kupitisha muswada zinatakiwa kura 68. Huyo dalali wako anajua kura ya sitini na nane itatoka wapi? Muulize, kwa heshima, halafu nisimulie sura yake ilivyokuwa. Yeye analipwa nyumba ikiuzwa. Yule muuzaji wa Sienna naye alikuwa mcheshi hivyohivyo.

Maswali mengine umeuliza benki gani nzuri, sijui, mimi benki yangu ni ya mshahara tu. Ulikuwa na lingine la kodi ya nyumba limenitoka. Kuhusu kuishi mji wa Rochester au Brooklyn Park, Rochester sijawahi kuishi, mke wangu anasema kuna upepo.

Weka hapa namba ya huo muswada nikuangalizie, zamu yangu inaisha saa kumi na moja alfajiri. Na amana usilipe.