Orodha tatu za makalavati, nifuate ipi?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi sanifu wa barabara katika wilaya moja mkoani Dodoma. Nimekabidhiwa rejista ya makalavati na madaraja, nikakuta orodha tatu za Excel, kila moja kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na hakuna mbili zinazolingana. Aliyetengeneza mojawapo alishahamishwa. Bosi anataka tununue programu. Nisomee programu ipi?

JIBU: Marahaba. Programu iache kwanza. Ukiingiza orodha hizo tatu kwenye programu utapata orodha ya nne.

Anza na namba. Kila kalavati lipewe namba yake moja, isiyobadilika, na isiyopewa kalavati jingine hata hilo likibomolewa. Usichanganye humo jina la kata, barabara wala mkoa. Kata hugawanywa, barabara hupandishwa hadhi. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Namba iliyoanza na herufi za Mbeya ingebaki inampotosha kila anayeisoma. Mambo hayo yawe na safu zake, yabadilike bila kuigusa namba.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwako ni mahali. Mstari wa longitudo wa nyuzi 36 mashariki unaukata mkoa wenu. Kwenye UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda na kutaja mahali kwa mita, Jiji la Dodoma liko kanda ya 36, Kongwa na Mpwapwa ziko kanda ya 37. Ukikaribia mpaka huo, namba ya mashariki ni kama 832,000 kwa kanda moja na kama 168,000 kwa nyingine, pale pale uliposimama. Asiyeandika kanda amekuachia fumbo. Halafu ramani za zamani za 1:50,000 zinatumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, wakati simu inasoma WGS 84, mfumo wa GPS, na tofauti yake kwetu ni karibu mita 300. Niliwahi kurithi faili ambalo madaraja yake yote yalikaa mashambani, mbali na barabara. Tuliwalaumu wapimaji wiki nzima, kumbe walipima vizuri, ila hakuna aliyeandika wametumia mfumo upi. Mpaka leo najutia lawama zile.

Kwa hiyo chukua latitudo na longitudo kwa desimali, WGS 84, na alama ya kutoa kwenye latitudo usiisahau, maana tuko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, kalavati la Dodoma linaangukia Ethiopia.

Picha nazo zina mtego. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za mahali ilipopigwa hupotea. Waambie vijana waitume kama dokumenti, au watumie KoboToolbox, programu ya kukusanyia taarifa kwa simu, ambayo fomu zake hujazwa hata pasipo na mtandao.

Kwenye hali ya kalavati, neno “mbaya” peke yake halikusaidii, maana ubaya wa mkaguzi huyu si wa yule. Aandike alichokiona: mchanga umeziba nusu ya bomba, ukuta wa mdomoni umepasuka, maji yamechimba upande wa chini. Kisha tarehe na jina lake. Na ukaguzi mpya uwe mstari mpya. Usifute wa zamani. Ukiwa na mistari ya misimu mitatu ya mvua ndipo utamwonyesha mhasibu kwamba kalavati fulani linaziba kila mwaka, na kwamba kulizibua kila mara huenda ni ghali kuliko kuweka bomba pana. Bila historia hiyo utaomba fedha kwa kubembeleza.

Faili likae mahali pa ofisi, si kwenye kompyuta ya mtu. Mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kubadilisha rejista, wengine wamletee marekebisho, na nakala itunzwe nje ya jengo.

Sasa orodha zako tatu. Usijaribu kuzioanisha mezani, utakisia. Chagua barabara moja fupi, chapisha orodha zote, itembee kwa miguu na mtu wa kijiji anayejua maji yanapita wapi. Kila kalavati mnalolikuta, andika namba yake kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa mdomoni, piga picha namba ikionekana, na weka alama kwenye orodha zilizolitaja. Mkimaliza barabara hiyo mtajua orodha ipi ni ya kuaminika zaidi, na itachukua siku ngapi kumaliza wilaya. Hesabu hiyo ya siku mpelekee bosi kabla ya bei ya programu. Kwa kuchora ramani, programu ya QGIS ni ya bure na itakutosha kwa sasa.