Sinderela ya damu siyo mpya
Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 15 aachwe asome hizo hadithi za Sinderela zilizoandikwa upya kwa kutisha. Damu ilikuwemo tangu zamani. Kwa ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, waliokusanya hadithi za kale, dada mmoja wa kambo anajikata kidole cha mguu, mwingine kisigino, ili kiatu cha Sinderela kiingie. Na katika hadithi yao ya Snow White ya 1812, anayetaka mtoto auawe ni mama mzazi. Mama wa kambo aliingizwa 1819. Sisi Wasukuma wa huku Mwanza tumekua na Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, hadi kijana Masala Kulangwa akalipasua tumbo wakatoka, bibi mmoja akakatwa sikio kwa bahati mbaya (hapo ndipo tulipocheka!). Mwache asome. Kagua sehemu za mapenzi tu, maana baadhi zimezidi umri wake.