Kombe la mtaa Lamu: kamba, maji ya bahari na daftari

Kombe la mtaa likivunjika katikati, lawama humwangukia refa. Mara nyingi refa hana kosa. Kosa lilifanyika wiki mbili nyuma, pale kamati ilipopima uwanja kwa hatua za miguu, ikapanga mechi bila kuangalia maji wala swala, na kuacha usajili uwe wa mdomo. Anayetaka kuandaa kombe katika mitaa ya Lamu, iwe Mkomani, Langoni, Gadeni au Kashmir, ayashughulikie hayo matatu kabla hajaitafuta jezi hata moja.

Uamuzi wa kwanza ni wachezaji wangapi kila upande. Kumi na moja kwa kumi na moja kunavutia machoni, lakini kanuni za mpira zinataka uwanja wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, goli la mita 7.32 kwa 2.44, na washika vibendera wawili. Mji wenyewe umebanana, na si kila mtaa utapewa jioni kumi za uwanja wa Twaif. Kwa kombe la mtaa, saba kwa saba inatosha: uwanja wa mita 60 kwa 40, goli la mita 5 kwa 2, hakuna kuotea, na refa mmoja anaumudu. Kuotea kusipokuwepo, nusu ya magomvi imeondoka.

Uwanja upigwe kamba. Hatua za mtu mrefu na za mtu mfupi hazilingani, na uwanja uliopimwa kwa miguu hutoka umepinda, kona moja imebana na nyingine imepanuka. Shika kigingi cha kona ya kwanza, pima mita 8 kwenye mstari mrefu na mita 6 kwenye mstari mfupi, kisha nyosha kamba kati ya ncha hizo mbili. Ikitoka mita 10 kamili, kona imenyooka. Ikizidi au ikipungua, sogeza mstari mfupi mpaka itimie. Ukimaliza kona nne, pima mshazari: uwanja wa 60 kwa 40 hutoa mita 72 na sentimita 11, pande zote mbili. Kamba ya nailoni usiitumie kupimia, inanyumbuka. Kama ndiyo uliyonayo, ivute kwa nguvu ile ile kila mara, na mvutaji awe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Urefu wa uwanja uelekee kaskazini na kusini. Mechi zetu ni za jioni, jua liko chini upande wa magharibi, na kipa anayelitazama hauoni mpira wa juu. Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, timu moja itacheza kipindi kizima ikisukumwa na upepo, kwa hiyo vipindi viwe sawa kwa saa, si kwa makadirio ya refa. Aprili na Mei ni masika, achana nazo.

Mistari: chokaa, lakini chokaa iliyozimwa kwa maji. Lamu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na bado wapo wanaojua kuichoma, ndiyo maana kuna hatari ya kijana kuletewa gunia la chokaa hai, ile ambayo haijazimwa, akaimwaga uwanjani. Chokaa hai ikikutana na jasho inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Anayeimwaga hata ile iliyozimwa afunike macho na pua, na asisimame upande upepo unakoelekea. Uwanja wa 60 kwa 40, pamoja na mstari wa kati, duara lenye nusu kipenyo cha mita 6 na maboksi mawili ya mita 20 kwa 10, una karibu mita 360 za mistari. Mfuko wa kilo 25 kwa hiyo unakupa gramu 70 hivi kwa mita, konzi moja ndogo. Toboa matundu kwa msumari chini ya kopo la maziwa, jaza chokaa, tembea ukilitikisa juu ya kamba. Kwenye mchanga mkavu upepo utaipeperusha kabla ya mapumziko. Nyunyiza maji kwanza, kwaruza mfereji wa kina cha kidole, kisha mwaga ndani yake.

Goli lina ujanja wake. Boriti ya mkoko ni ngumu na hukaa ardhini muda mrefu, lakini haiendi mbali kwa urefu. Vyumba vya nyumba za kale hapa ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo. Itumie kwa nguzo: ya mita 2.7, ufukie sentimita 70, zibaki mita 2. Nunua kwa mwenye kibali cha kukata mikoko, kombe la mtaa lisianze na kesi. Mtambaapanya wa mita 5 na ziada ya kufungia utafute kwenye mvinje, unyooke, unene wa sentimita nane hadi kumi. Mwembamba zaidi ya hapo utapinda katikati ndani ya siku tatu, na goli litakuwa fupi katikati kuliko pembeni.

Goli la chuma la kubebwa likiletwa, lisiguswe na mtoto kabla halijafungwa. Goli lisilozuiliwa huanguka mbele mtu akining'inia, na limeshaua watoto katika nchi nyingi. Magunia mawili ya mchanga juu ya bomba la nyuma, kila goli, hata siku zisizo na mechi.

Nyavu ziko kwa wavuvi, tena bure, zilizochakaa. Jarife, wavu wa samaki wakubwa, macho yake ni makubwa. Mpira wa namba 5 una kipenyo cha sentimita 22 hivi, hautapita, lakini mkono na mguu wa kipa vitanasa. Ipendelee yenye macho ya kiganja au chini ya hapo. Ioshe na uitafute ndoana moja moja kwa macho kabla ya kuitundika.

Mpira wenyewe uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 na mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Nunua miwili, si mmoja, kwa kuwa mbigili hazina huruma. Sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuingizwa. Ikiingizwa kavu hukwaruza valvu, na mpira utakuwa unapungua taratibu huku kila mtu akitafuta tundu lisilokuwepo. Usiujaze asubuhi ukauacha juani, upepo wa ndani hupanuka na mshono hufumuka.

Sasa wakati. Hapa ndipo wageni wa kuandaa hukosea zaidi. Jioni yetu iko kati ya alasiri na magharibi na haiongezeki. Novemba jua huzama karibu saa kumi na mbili na dakika tano, Februari huchelewa kwa zaidi ya nusu saa. Mechi ya dakika 20 kwa 20 na mapumziko ya dakika 5 ni dakika 45. Ukianza saa kumi na dakika kumi, ya kwanza inaisha saa kumi na dakika 55, ya pili inaanza saa kumi na moja na dakika tano na kuisha dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili. Hiyo ni Februari. Novemba anza dakika kumi mapema, na timu ya pili iwe imevaa wakati ya kwanza inamaliza. Adhana ikikukuta kwenye penalti, umepanga vibaya. Wiki ya Maulidi usipange kitu kabisa: mji umejaa wageni, vijana wote wana shughuli, na hakuna atakayekusikiliza.

Mkicheza pwani, Shela kwa mfano, kalenda yenu ni mwezi mwandamo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hutoka sana lakini hutoka saa nne au saa tano za asubuhi, na jioni saa kumi yamejaa hadi juu. Wengi huona ufuo mpana asubuhi wakapanga mechi ya jioni, kisha wakakuta hakuna uwanja. Maji hukawia kwa dakika 50 hivi kila siku. Kwa hiyo maji ya kutoka jioni utayapata kwenye maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, takribani tarehe nane na tisa za mwezi mwandamo, na tena tarehe 23 na 24. Ufuo wakati huo si mpana kama wa bamvua, basi pima kabla, na uwanja uwe mdogo zaidi. Muulizeni nahodha au tazameni jedwali la maji, msibahatishe.

Timu za nje zina maji yao. Inayotoka Faza au Siyu, kisiwani Pate, inapita mkondo wa Mkanda, na Mkanda unataka maji yaliyojaa. Siku za bamvua wanaweza kufika alfajiri na wakataka kuondoka alasiri, saa ile ile mliyowapangia mechi. Wapeni siku nyingine, au mahali pa kulala. Na kila kichwa kwenye boti kiwe na jaketi la kuokolea. Vijana walioshinda hawakai kitako.

Kwa timu nane, ligi ya wote kwa wote ni mechi 28, na hakuna mtaa utakaovumilia. Mtoano mtupu ni mechi saba, lakini timu nne zinaenda nyumbani baada ya dakika 40 tu. Makundi mawili ya timu nne, nusu fainali na fainali ni mechi 15. Kundi la kwanza Jumamosi, la pili Jumapili, la kwanza tena Jumatatu, hivyo hivyo hadi Alhamisi, na kila timu inapumzika siku moja. Timu za kundi zikipewa namba, mzunguko wa kwanza ni 1 na 4, 2 na 3. Wa pili 1 na 3, 2 na 4. Wa tatu 1 na 2, 3 na 4. Mzunguko huo wa mwisho una hatari yake. Mwaka 1982 kule Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza zikijua matokeo yaliyozifaa zote mbili, na tangu 1986 mechi za mwisho za kundi kwenye Kombe la Dunia huchezwa kwa wakati mmoja. Sisi uwanja ni mmoja. Afadhali sarafu irushwe pale pale uwanjani kuamua mechi ipi itangulie, kuliko ratiba ijulikane wiki nzima. Na andikeni mapema timu zikilingana pointi mtaangalia nini kwanza, tofauti ya magoli au matokeo yao wenyewe. Sheria inayotungwa baada ya matokeo ni ya kumpendelea mtu, hata ikiwa ya haki.

Usajili ni majina 14, picha ya kila mmoja kwenye simu ya katibu, na nakala ya orodha kwa kila timu. Daftari lifungwe usiku wa kuamkia mechi ya kwanza. Hapo mamluki hana pa kuingilia. Wa chini ya miaka 18 aje na ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Timu isipofika kwa dakika kumi, au ikiwa na wachezaji pungufu ya watano, imepoteza 3–0, na isirudiwe kwa heshima ya mzee yeyote.

Pesa ziandikwe hadharani. Tuseme kila timu inatoa shilingi 2,000, jumla 16,000. Refa kwa 400 kila mechi ni 6,000. Zinazobaki 10,000 ni za mipira, chokaa, maji na dawa. Zawadi isitoke humo. Wazee na masheikh wengi watakuambia ada za washindani zikirudi kwa mshindi ni kamari, na wakishalisema hilo msikitini kombe limekwisha. Tafuteni mfanyabiashara atoe mbuzi au kikombe kutoka mfukoni mwake. Refa alipwe siku ile ile, kabla mechi haijaanza, asije akaonekana amelipwa kwa matokeo. Na awe wa mtaa ambao timu yake haichezi siku hiyo.

Maji ya kunywa, lita moja kwa kila mchezaji. Mtu akitapika au akiharisha mpe lita moja ya maji yaliyochanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Kifundo kikiteguka, barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, isigusane na ngozi. Aliyegongwa kichwa akapepesuka haurudii uwanja siku hiyo, hata kama ndiye nahodha na mama yake anamshangilia.

Halafu punda. Zoeni kinyesi kabla ya kila mechi, kwa koleo, si kwa kusukuma mchanga juu. Vijidudu vya pepopunda hukaa humo na kwenye udongo, na goti lililochubuka ndiyo njia yao. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi hapo hapo, na mwenye kidonda kichafu ambaye chanjo yake ya mwisho imepita miaka mitano apelekwe hospitali siku hiyo.

Siku ya mwisho, nguzo ziking'olewa, jazeni mashimo na myashindilie. Punda haoni shimo la sentimita 70 usiku, wala mwenye punda hatamtafuta mfungaji bora.