Maswali na Majibu: Udongo wa saiti unaondoka na mvua, tufanyeje?

Barua na meseji za mwezi huu karibu zote zinaongelea kitu kimoja, udongo unaotoka kwenye viwanja vinavyojengwa ukaenda kwa jirani, kwenye mtaro, barabarani, mtoni. Nimechagua chache, nimezifupisha kidogo ila maana nimeiacha ilivyo.

Shikamoo. Nina kiwanja Kinyerezi, kimeteremka kwenda bondeni. Fundi anataka tulete katapila lisafishe lote siku moja, afu tutakuwa tunajenga taratibu kadiri hela inavyopatikana. Jirani wa juu yangu alifanya hivyohivyo mwaka jana, mvua ziliponyesha tope lote likaja kwangu, mpaka leo choo cha nje kimezama nusu. Sitaki kumfanyia hivyo wa chini yangu. Nifanyeje? – Msomaji, Dar es Salaam

Marahaba dada yangu, na asante kwa kumfikiria wa chini yako, wengi hawafiki huko. Jibu langu la kwanza ni kwamba hilo katapila lisiingie kwa mtindo huo. Kama unajenga taratibu basi na kusafisha kuwe taratibu, toa majani pale tu msingi unapokwenda kuchimbwa na njia ya gari, kwingine kote acha nyasi na vichaka vyako vilivyo hata kama vinaonekana vichafu, maana hivyo ndo vinakushikia kiwanja bure bila kukudai hata shilingi.

Watu wengi wanadhani kinachoharibu ni maji yanayotiririka. Yanaharibu kweli, lakini kazi inaanzia kwenye tone lenyewe. Tone kubwa la mvua linashuka kwa kasi ya kama mita 9 kwa sekunde, likigonga udongo mtupu linaupasua, chembe zinaruka, zile ndogo zinaziba vitundu vya juu, udongo unajifunga kama umepigwa plasta na maji hayaingii tena chini, yanabaki juu yanaanza kutembea na zile chembe zilizokwisha kung'oka. Weka majani katikati ya tone na udongo, yote hayo hayaanzi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema saiti ya ujenzi inatoa tope mara 10 mpaka 20 kuliko shamba linalolimwa, na mara 1,000 mpaka 2,000 kuliko msitu. Mvua ni ileile.

Sasa piga hesabu ya kiwanja chako. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kiwanja cha mita za mraba 600 kikipata mvua ya milimita 50, na Dar mvua ya hivyo si ya ajabu, hapo ni lita 30,000 zimeshuka juu ya kiwanja kimoja. Na udongo wa juu ukiondoka sentimita 1 tu, ambayo kwa macho hata huioni, umepoteza kubiki 6, yaani mita za ujazo 6, uzito wa tani 8 hivi. Huo ndo unakuja kuulipia tena kwa jina la kifusi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza ratiba, kuchimba na kusawazisha kufanyike kiangazi, Juni mpaka Septemba, isiwe Machi masika inagonga mlango. Pili, pale juu kabisa kiwanja kinapoanzia chimba mtaro wa kukinga maji ya wenzako wa juu, uwe na mteremko mdogo sana, sentimita 1 kwa kila mita 1, ukiuzidisha utajichimba wenyewe uwe korongo. Mdomo wake umwage kwenye mawe au kwenye nyasi nzito, au kwenye mtaro wa mtaa, usimwage kwenye ukuta wa mtu. Tatu, udongo ule mweusi wa juu usiutupe, urundike mbali na mtaro, ufunike na turubai, utauhitaji siku ya kupanda bustani. Nne, sehemu yoyote iliyobaki uchi na hujui lini utarudi kuifanyia kazi, tandaza majani makavu, mabua, makumbi ya nazi, chochote, mpaka usiione rangi ya udongo. Wataalamu wanasema tani 4 au 5 za majani makavu kwa hekta, kwa kiwanja chako ni kama kilo 300, pickup moja inabeba.

Na kitu kingine ambacho naona kila mtaa na kinaniuma: watu wanaezeka bati afu gata wanasema tutaweka tukihamia. Bati la mita za mraba 150 kwenye mvua ileile ya milimita 50 linakusanya lita 7,500 na zote zinadondoka kwenye mstari mmoja pembeni ya msingi wako mpya. Gata na tangi viwekwe siku bati linapopanda, hata kama ni gata la kuazima, na maji hayo utayajengea.

Huko bondeni kwenu maji yanaishia mto Msimbazi. Tope la vilima vya juu ndo linajaza kitako cha mto huku chini mpaka mto hauna tena pa kuweka maji, na Jangwani wanajua maana yake, barabara inafungwa na karakana ya mabasi ya mwendokasi imeshaingiliwa na maji mara kadhaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi. Ni hela nyingi na mradi ni mzuri, mi nauunga mkono, lakini huwezi kuchota tope chini huku juu linamwagwa kila mvua. Kiwanja chako kimoja ni kidogo, sawa, ila viwanja vya huko juu vyote ni vimoja vimoja hivyohivyo.

Habari mkuu. Nafanya kazi na mkandarasi wa barabara hapa Mwanza. Injinia katuagiza tuweke ule uzio wa kitambaa cheusi wa kuzuia tope, tumeuweka, kila mvua unalala chini. Tunausimamisha, unalala tena. Kosa liko wapi? – Fundi kijana, Mwanza

Kaka, nakuuliza maswali na ukijibu ndiyo hata kwa moja kosa umelipata. Mmeuweka kukatisha mtaro au korongo? Mmeupeleka ukipanda na kushuka kilima? Kitambaa kimegusa tu ardhi bila kuzikwa?

Uzio ule wengi wanaudhania ni chujio. Unachuja kidogo tu, kazi yake kubwa ni kusimamisha maji kwa muda nyuma yake ili mchanga utulie chini. Kwa hiyo ni bwawa, tena bwawa la kitambaa, na bwawa la kitambaa haliwezi kusimama mbele ya maji ya mtaro. Mahali pake ni pale maji yanaposhuka yametandaa kama shuka, hayajajikusanya. Ufuate mstari wa usawa wa kilima, levo moja toka mwanzo mpaka mwisho, tumieni ule mpira wa maji mnaopimia msingi. Miisho miwili ikunjwe kuelekea juu kilima kama mikono iliyokumbatia, la sivyo maji yatatembea pembeni yake mpaka mwisho na kuzunguka. Chimbeni mfereji wa sentimita 15, kitambaa kiingie humo, mrudishie udongo na mshindilie. Nguzo ziwe upande wa chini wa kitambaa, maji yakisukuma yakutane nazo, umbali wa mita 2 hivi kati ya nguzo na nguzo. Na mteremko unaomwaga kwenye uzio mmoja usizidi mita 30 kwa urefu, kilima kikiwa kikali punguzeni zaidi.

Tope likifika theluthi moja au nusu ya kimo cha uzio, toeni. Hili ndo linasahaulika kuliko yote, uzio unawekwa siku ya ukaguzi halafu unaachwa mpaka mradi unaisha.

Kwenye mitaro wekeni vizuizi vya mawe, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati, na kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa mmoja na kichwa cha kile cha chini yake. Mwanza mawe mnayo jamani. Na nyie mnafanya kazi juu ya Ziwa Victoria, hapo hamna nafasi ya pili, kinachovuka uzio kiko ziwani.

Sasa mwandishi, niko Machakos. Hapa kwetu kila mtu anajua fanya juu, babu zetu walichimba. Nimeanza mjengo kwa slopu, si nichimbe tu fanya juu nyuma ya nyumba? – Msomaji, Kenya

Machakos ni kwao fanya juu, kweli, na mnastahili heshima kwa hiyo kazi, watu wanatoka mbali kuja kuangalia. Lakini fanya juu ni ya shamba. Unachimba mfereji kwa kufuata usawa, udongo unautupa upande wa juu, na lengo ni maji yakae pale yazame yanyweshe mahindi. Nyuma ya nyumba hutaki maji yazame, yatakuja kwenye msingi na yatalowesha kile kidonda cha kilima ulichokikata mpaka kishuke. Karibu na nyumba chimba mtaro wenye mteremko kidogo unaotoa maji pembeni, kama nilivyomwambia dada wa Kinyerezi. Fanya juu weka huko chini ya nyumba kwenye shamba, maji ya mtaro yaishie humo, hapo utakuwa umetumia vyote.

Ule ukingo uliokatwa usiuache wima. Ulaze, kila mita 1 ya kwenda juu iwe na mita 2 za kwenda ndani, kama nafasi ipo. Afu panda nyasi za vetiva kwa mistari ya usawa, mche na mche sentimita 10 mpaka 15, mwanzo wa mvua. Mizizi yake inashuka wima mita 2 hata 3, haisambai ovyo shambani. Ila isubiri, msimu wa kwanza bado ni mtoto, kwa hiyo katikati ya mistari tandaza majani.

Tuko saiti ya hekta 1 Moshi, tumechimba bwawa la kutuliza maji kabla ya kuyatoa. Yanakaa siku nzima bado mekundu kama chai. Tumekosea vipimo? – Msimamizi wa saiti

Inawezekana, ila kwa udongo wenu mwekundu hata vipimo vikiwa sawa utaona rangi. Angalia hii: chembe ya mchanga mwembamba inazama mita 1 kwa dakika 2 hivi. Chembe ya tope laini inachukua saa 3 na zaidi. Chembe ya udongo wa mfinyanzi, ile ndogo kabisa, inahitaji siku 3 au 4, na zilizo ndogo zaidi wiki na kuendelea, tena hapo maji yawe yametulia kabisa hata upepo usiyaguse. Ndo maana nasisitiza kufunika udongo kuliko kitu kingine. Mchanga ukishaondoka unaweza kuukamata, mfinyanzi ukishaingia kwenye maji umekwenda.

Vipimo vya kawaida ni kubiki 250 hivi za bwawa kwa kila hekta inayomwaga humo. Urefu uwe angalau mara mbili ya upana, maji yaingie mwisho mmoja yatoke mwisho wa pili, na yatolewe juu juu, siyo kwa bomba la kitakoni, maana kitakoni ndo kuna tope. Kama bomba lenu liko chini basi hapo ndo penye tatizo, anzieni hapo kabla ya kuchimba zaidi.

Kama mnataka rangi itoke haraka, shabu inafanya kazi, inazikusanya zile chembe zikawa mabonge zikazama, na mbegu za mlonge zilizosagwa zinafanya kitu hichohicho, bibi zetu walisafishia maji ya kunywa. Lakini shabu ikizidi inafanya maji kuwa na asidi na samaki wa huko chini watakufa, kwa hiyo mjaribu kwanza kwenye ndoo, kidogo kidogo, na anayejua kupima awepo. Msimwage kwa kukisia. Bwawa lizungushiwe uzio watoto wasiingie, na lisikae na maji zaidi ya siku 3, mbu.

Tipa zetu zinatoka na tope mpaka lami, wananchi wanalalamika, pikipiki zinateleza. – Iringa

Wana haki. Mlango wa saiti uwekeni mawe ya ukubwa wa ngumi, siyo kokoto ndogo, unene sentimita 15 mpaka 20, urefu mita 15 angalau, tairi lizunguke mara kadhaa juu ya mawe lijipangusie. Chini yake kitambaa kile kizito cha ujenzi ili mawe yasizame. Lililotoka lizolewe kwa koleo na fagio siku hiyohiyo, msilioshe kwa boza la maji, mkiliosha mnalipeleka mtaroni.

Jirani ananimwagia tope kila mvua na nikimwambia anasema maji hayana mwenyewe. Niende wapi? – Mbeya

Pole sana. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, maneno yaandikwe, siyo mdomo tu. Yakishindikana nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri, na kama ni saiti kubwa au iko karibu na mto, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi za kanda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani, watu wengi wanaujua huo mstari wakati wa kununua, wanajifanya hawaujui wakati wa kujenga.

Piga picha na video mvua ikiwa inanyesha, ioneshe tope linapotokea na linapoingilia kwako, maana jua likiwaka siku mbili kila kitu kinakauka na utaambiwa hamna ushahidi. Na kabla hujafika huko kote, jaribu kumwendea tena siku ya jua na upendekeze mchimbe pamoja mtaro wa mpakani, kila mmoja achangie nusu. Udongo unaokuja kwako ni wa kwake, huenda hajawahi kuoneshwa ni kiasi gani anapoteza.