Kigomasha, Pemba: panga siku yako ya ufukweni kwa maji, si kwa saa

Mtu akiniuliza ni wapi Zanzibar anapoweza bado kutembea ufukweni kwa muda mrefu bila kukutana na mtu, humwelekeza kisiwani Pemba, kwenye rasi ya Kigomasha iliyoko kaskazini magharibi mwa kisiwa. Upande wa mashariki wa rasi hiyo kuna Vumawimbi, ufukwe mrefu wa mchanga mweupe ambao jina lake lenyewe linaeleza sauti utakayoisikia hapo. Upande wa magharibi kuna Verani, inayotazama mkondo wa bahari unaoitenga Pemba na bara. Nimekwenda huko mara tatu, na kosa nililolifanya mara ya kwanza ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Mara hiyo ya kwanza niliifuata saa ya mkononi tu. Nilifika Vumawimbi saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikayakuta maji yako mbali na mchanga mgumu umetandaa mbele yangu, nikaanza kutembea kuelekea kaskazini huku nikipita chini ya majabali ya matumbawe bila kujiuliza kwa nini yamelika kwa chini. Niliporudi saa tisa alasiri, pale nilipopita kwa miguu mikavu mawimbi yalikuwa yakipiga kwenye jabali. Mvuvi mmoja mzee alinipigia kelele kutoka juu: “Mwanangu, leo bamvua! Pitia huku.” Nilipanda kwa mikono na magoti, nikapenya kwenye vichaka vya miiba, na nilifika barabarani nikiwa na michubuko ambayo ilichukua wiki mbili kupona.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga nauli, uangalie mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kukupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika siku hizo tofauti ya kina kati ya maji yaliyokupwa na yaliyojaa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji jedwali lolote, kwa kuwa bamvua huangukia karibu na tarehe mosi na tarehe 15, na maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, huangukia karibu na tarehe 8 na 22. Ukitaka kutembea kwa miguu pwani hadi kwenye mnara wa taa ulioko nchani mwa rasi, chagua bamvua, ondoka muda wa saa mbili kabla ya maji kukupwa kabisa, na urudi kwa njia ya juu ikiwa yameshaanza kujaa. Ukitaka kuogelea kwa utulivu, chagua maji mafu. Upepo ukivuma kwa nguvu, iache Vumawimbi uende Verani, kwa sababu rasi yenyewe hukukinga. Mnara huo wa chuma ulijengwa na Waingereza mwaka 1900, na kutoka juu yake unaziona pande zote mbili kwa pamoja, jambo linalokusaidia kuamua upande wa kushinda.

Kufika si kazi ngumu. Panda gari la Konde kutoka Chake Chake au Wete, kisha ukodi pikipiki, na mkubaliane mapema saa ya kukufuata. Njia inapita katikati ya msitu wa Ngezi, na langoni hujiandikisha na kulipa kiingilio. Nawaomba wasomaji wasikione kiingilio hicho kama usumbufu. Sehemu kubwa ya misitu ya asili ya Pemba ilifyekwa kwa ajili ya mikarafuu na mashamba, na hapa ndipo miti mirefu iliposalia. Naamini kabisa kwamba msitu huo ndio ulioiacha Vumawimbi katika hali yake.

Chukua maji ya kunywa ya kutosha, lita 3 kwa kila mtu, pamoja na chakula, kwa sababu hakuna duka. Vaa viatu vya kuingilia majini. Kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia ndani ya unyayo. Vijiji vya njiani ni vya Waislamu, basi jifunge kanga au vaa kanzu unapotoka ufukweni, uwaamkie wazee, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani.

Jambo la mwisho ni popo wa Pemba, popo mkubwa alaye matunda, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa, na amerudi kwa sababu wanavijiji wenyewe walikubali kuwalinda. Huruka kutoka msituni jua linapozama, wakati ambao huna uhakika wa kupata gari Konde, kwa hiyo anayetaka kuwaona atafute mapema mahali pa kulala huko huko kaskazini, au amlipe dereva wa pikipiki amngojee na kumfikisha Wete usiku.