Uliza Daktari: Damu Inayotoka Moyoni Huenda Wapi?

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinahusu moyo na damu, na nimefurahi kuona kwamba wengi wenu hamkuulizia dawa tu, bali mmetaka kuelewa vyombo hivi vinavyofanya kazi. Nimechagua tano, nami nitaanza na ile iliyonichukua muda mrefu zaidi kuijibu.

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa darasa la sita ameniuliza kama damu inayotoka moyoni ndiyo hiyo hiyo inayorudi, au mwili huitumia ikaisha kisha ukatengeneza nyingine. Nilimjibu kwamba inarudi. Akaniuliza, "Mama, umejuaje?" Nikakosa la kusema. (Mama wa watoto watatu, Korogwe)

Jibu: Marahaba, mama. Mwanao ameuliza swali lililowashinda matabibu kwa zaidi ya miaka 1,000. Galen, tabibu wa Kigiriki aliyeishi karne ya 2, alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, na kwamba viungo huitumia mpaka ikaisha. Mafundisho hayo yakashikwa na vizazi vingi vya waganga. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika kwamba ukuta unaotenganisha pande mbili za moyo hauna matundu kama Galen alivyodai, kwa hiyo damu ya upande wa kulia haina njia ya kufika kushoto ila kwa kupitia mapafuni. Jawabu kamili lilitolewa na William Harvey, daktari wa Uingereza, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1628, na hoja yake kubwa ilikuwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Mpe mwanao hesabu hiyo. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takribani mililita 70 za damu kwa pigo moja, nao hupiga kama mara 70 kwa dakika. Hizo ni karibu lita 5 kwa dakika, na kwa saa moja zinakaribia lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Mwili mzima una damu ya lita 5 hivi. Hakuna binadamu anayekula na kunywa madumu 15 kwa saa, wala hakuna viungo vinavyoweza kumeza damu yote hiyo, kwa hiyo lazima iwe ni ile ile inayorudi. Makadirio ya Harvey yalikuwa madogo kuliko haya ya leo, lakini hata hayo yalitosha kuibomoa hoja ya Galen.

Kama hesabu haikumridhisha, mwonyesheni kwa mkono. Mtafute mtu mzima ambaye mishipa ya mkono wake inaonekana vizuri, mumfunge kitambaa juu ya kiwiko, kwa kukaza kiasi tu, mapigo kwenye kifundo cha mkono yaendelee kusikika. Baada ya muda mfupi vena, yaani mishipa inayoonekana chini ya ngozi, zitatuna, na hapa na pale mtaona vinundu vidogo: hizo ni vali, vilango vidogo vilivyo ndani ya mshipa. Mwanao akandamize vena kwa kidole kimoja, chini ya kinundu, upande wa kiganja. Kisha kwa kidole cha pili aisukume damu kuelekea begani mpaka akipite kinundu, na hapo akiondoe kidole hicho cha pili. Kipande cha vena kilicho kati ya kidole cha kwanza na kinundu kitalala bapa, kitupu kabisa, ingawa damu imejaa tele juu yake, kwa sababu vali hairuhusu irudi chini. Akiinua kidole cha kwanza, vena itajaa papo hapo, na itajaa kutokea upande wa kiganja. Basi atakuwa ameona kwa macho yake kwamba damu ya vena huelekea upande mmoja tu, nao ni upande wa moyo. Mkimaliza, fungueni kitambaa mara moja.

Kitu kimoja Harvey hakukiona: mahali ambapo damu ya ateri, mishipa inayoitoa damu moyoni, inaingia kwenye vena. Mwaka 1661, miaka minne baada ya Harvey kufariki, Marcello Malpighi wa Italia alitazama pafu la chura kwa hadubini akaziona kapilari, mishipa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja, tena kwa kujikunja. Watu huusifu moyo, nami sina ugomvi na hilo, lakini nadhani kapilari hazijapewa haki yao. Moyo ni pampu. Ateri na vena ni njia za kwendea na kurudia. Ni kwenye kapilari ambako oksijeni na chakula hutoka kwenye damu na kuingia mwilini, na uchafu wa seli nao huchukuliwa ukaondoke. Kutoka hapo damu huingia kwenye vena, ikafika auriko ya kulia (chumba cha juu cha moyo), ikashuka ventriko ya kulia (chumba cha chini), ikasukumwa mapafuni kuchukua oksijeni, ikarudi auriko ya kushoto, kisha ventriko ya kushoto ikaitoa kwa nguvu kupitia aota, ateri kubwa kuliko zote. Mtu akiwa amepumzika, mzunguko wote huo huchukua kama dakika moja.

Mwambie pia kwamba ingawa damu ni ile ile, vilivyomo ndani yake hubadilika. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa hasa katika bandama na ini, na madini yake ya chuma hutumika tena. Uboho wa mifupa hutoa chembe mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde. Mtu akichangia damu, majimaji yake hurudi katika siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huchukua majuma kadhaa kufidiwa, na ndiyo sababu mchangiaji huambiwa asubiri miezi kadhaa kabla ya kuchangia tena.

Swali: Daktari, kazi yangu ni kuchinja. Zaidi ya mara moja nimeutoa moyo wa mnyama nikauona unaendelea kudunda mkononi. Inakuwaje, na mnyama ameshakufa? (Msomaji, Lindi)

Jibu: Ulichokiona ni kweli, nacho kinaeleza jambo kubwa kuhusu moyo. Msuli wa mkono wako hausogei mpaka neva iuamrishe, lakini moyo una chanzo chake wenyewe cha amri. Katika ukuta wa auriko ya kulia kuna fundo dogo la seli, lililoelezwa mwaka 1907 na Arthur Keith na Martin Flack huko Uingereza, ambalo hujichochea lenyewe na kutoa mshtuko mdogo wa umeme kwa mpangilio. Mshtuko huo huenea kwenye auriko zote mbili zikajikaza, kisha hucheleweshwa kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde, ili ventriko zipate muda wa kujaa kabla nazo hazijajikaza. Neva zinazotoka kwenye ubongo zinaweza kuharakisha au kupunguza mapigo, kama unavyojua ukishtushwa na nyoka njiani, lakini si zinazoyaanzisha. Kwa hiyo moyo uliokatwa neva zote huendelea kupiga hadi akiba ya oksijeni na nguvu iliyomo kwenye seli zake iishe.

Swali: Nilipimwa presha kwenye kampeni ya afya mtaani kwetu nikaambiwa ni 150 kwa 95. Siumwi kichwa, sisikii kizunguzungu, nalima kama kawaida. Je, namba hizo ni za nini, na nina haja ya kuhangaika? (Baba, Morogoro)

Jibu: Ndugu yangu, namba ya juu ni nguvu ambayo damu huzisukumia kuta za ateri wakati ventriko ya kushoto inapojikaza, na ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo umelegea ili ujae tena. Anayekupima kwa kusikiliza hujaza upepo kwenye kitambaa mpaka ateri ya mkono ifungwe, asisikie chochote. Kisha huuachia upepo polepole. Damu inapoanza kupenya husikika mlio mdogo wa kugonga, nayo ndiyo namba ya kwanza. Sauti zinapotoweka, kwa kuwa ateri sasa iko wazi, hiyo ni ya pili. Njia hii ya kusikiliza ilielezwa mwaka 1905 na Nikolai Korotkov, daktari wa Urusi, naye alitumia kitambaa cha mkononi kilichobuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896.

Ya kawaida ni kama 120 kwa 80, na inapofika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti huitwa shinikizo la juu la damu. Kipimo kimoja cha kampeni, umesimama foleni juani na pengine umetembea mbali, hakitoshi kukuhukumu, lakini kinatosha kukupeleka kituo cha afya, nami nakuomba uende wiki hii. Kaa umetulia dakika 5 kabla ya kupimwa, miguu ikanyage chini, mkono uwe wazi bila nguo na uegeshwe usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita.

Hilo la kutosikia maumivu ndilo linalonitia hofu zaidi. Ateri inayobeba nguvu kubwa mno kila siku huwa ngumu na nene, moyo nao hulazimika kukuza msuli wake ili kuishinda, na mishipa midogo ya figo, macho na ubongo huharibika taratibu kwa miaka bila kuuma hata kidogo. Nimewapokea wagonjwa ambao dalili yao ya kwanza ya presha ilikuwa kiharusi. Wengine walikuwa wameshaanza dawa, wakaziacha kwa sababu walijisikia wazima, na kumbe walijisikia hivyo huku presha ikipanda.

Swali: Kwa nini mishipa ya mikononi ni ya kijani au buluu ilhali damu ni nyekundu? (Mwanafunzi, Kisumu)

Jibu: Damu ya binadamu haiwi buluu kamwe. Ile ya kwenye vena ni nyekundu iliyoiva, kama utakavyoiona ikiingia kwenye bomba la sindano maabara, na ile ya ateri ni nyekundu ya kung'aa, kwa sababu himoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu wake, hubadilika rangi inapobeba oksijeni. Rangi unayoiona inatokana na namna ngozi na vena zinavyomeza baadhi ya mwanga na kuurudisha mwingine kwenye jicho lako.

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 10. Mwaka jana alikuwa akipata mafindofindo mara kwa mara, kisha akavimba magoti. Sasa tumeambiwa vali ya moyo wake imeharibika na atachomwa sindano kila mwezi. Koo na moyo vinahusianaje? (Mama, Mwanza)

Jibu: Marahaba, na pole sana, mama. Ili uelewe kilichompata, nunua moyo wa ng'ombe na umwombe mwenye bucha asiukate mishipa ya juu. Mimina maji ndani ya aota. Utaona vipande vitatu vyembamba vikijaa kama mifuko ya shati na kukutana katikati, na maji yakazuiwa. Yakipungua polepole usishangae: juu kidogo ya vali kuna matundu mawili, na hiyo ndiyo midomo ya ateri zinazoulisha moyo wenyewe. Sasa pasua upande wa kushoto, ambao ukuta wake ni mnene zaidi, na kati ya auriko na ventriko utakuta vali ya mitrali, yenye vipande viwili vilivyoshikwa na nyuzi nyeupe, ngumu kama uzi wa kuvulia, ili visipinduke damu inaposukumwa. Vali hii ndiyo inayoumia zaidi katika ugonjwa wa binti yako.

Koo lake liliambukizwa bakteria aina ya streptokoka. Kinga ya mwili ilitengeneza silaha za kuwaua, lakini sehemu za bakteria hao zinafanana na tishu za moyo na viungo, kwa hiyo, majuma mawili au matatu baadaye, silaha zile zile zikageukia magoti na vali. Hiyo huitwa homa ya rumatiki. Magoti hupona bila kubaki na alama. Vali hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu mpaka vali ishindwe kufunga au kufunguka vizuri.

Sindano hiyo ni penisilini inayokaa mwilini kwa majuma matatu hadi manne. Haitengenezi vali iliyoharibika, bali inazuia maambukizi mengine ya koo yasilete shambulio jingine, kwa hiyo ataihitaji kwa miaka mingi hata akiwa anacheza na kukimbia kama wenzake. Ikitokea vali ikahitaji upasuaji, kazi hiyo inafanyika nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam. Wadogo zake wakiumwa koo pamoja na homa, wapeleke zahanati mapema, msisubiri lipoe lenyewe. Andika tarehe za sindano mahali ambapo hata asiyekuwa wewe atazikumbuka, na siku binti atakapopelekwa kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kabla hajaanza kwamba ana tatizo la vali, kwa sababu bakteria wa kwenye fizi wanaweza kuingia kwenye damu na kuganda hapo hapo penye kovu.